Dakika Sita za Fundi Saa

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haumsumbui, bado anagombana na redio kila asubuhi kana kwamba mtangazaji anamsikia. Mama amehamisha kabati la sebuleni kwa mara ya tatu mwaka huu, na mwaka wenyewe bado mbichi. Ningekupigia simu, ila najua utasema nini: simu huipendi, mtu anakuuliza hujambo huku anakoroga sufuria.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi! Miezi kumi na minne ya kukaa na cheti cha uuguzi ndani ya bahasha imekwisha. Na hutaamini ni kazi gani: niko dirishani, kama wewe. Ni kliniki ya watu wanaojitoa kwenye pombe na unga. Wa pombe wana siku zao za mazungumzo. Wa unga wanakuja kila asubuhi kati ya saa moja na saa tano, wanakunywa ile dawa ya maji mbele yetu, halafu wanaendelea na siku yao. Dirisha la mbao, kaunta ya bati, foleni ya watu mia moja na sitini, na mimi nyuma yake na vikombe vidogo. Siku ya kwanza niliona nimeingia ndani ya hadithi zako.

Kuna tatizo moja, na ndilo limenikalisha niandike. Wauguzi tuko wanne na wote ni wapya, mkongwe wetu ana miezi saba. Kila Alhamisi mchana tunakwenda darasani, lakini darasa peke yake halitoshi kupata cheti cha kazi hii. Lazima tuwe na mlezi wa kazi, mtu aliyekaa dirishani miaka mingi, asimame nyuma yetu akituangalia, na kila Ijumaa atukalishe chini atuulize ni nini kilitulemea wiki hiyo. Mlezi wetu aliondoka Desemba. Wakubwa wamesema ikifika tarehe 30 Juni bila mlezi, dirisha litafungwa, na wagonjwa wetu watapelekwa hospitali iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wewe unajua wangapi wataufanya mwendo huo kila siku.

Shangazi, una miaka ishirini na miwili ya dirisha. Njoo. Chumba kipo, Baba ameshasema, na Mama anatafuta kabati la kuhamishia humo.

Mwanao,
Shavu


19 Februari

Mpendwa Shavu,

Marahaba, mwanangu. Mguu unakwenda na mwenye mguu anaufuata. Nyanya zangu mwaka huu zimekubali, mpaka jirani ambaye hanisalimii ameanza kunisalimia. Mwambie kaka yangu apake magoti mafuta ya moto na aiache redio ya watu.

Kuhusu kazi, nimefurahi, tena nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Wewe! Wewe uliyekuwa unaibana dawa ya homa shavuni na kwenda kuitema nyuma ya kitanda, leo ndiye umewekwa kulinda watu wasifiche dawa mashavuni? Jina hilo tulikupa sisi, na unalivaa bado. Unakumbuka nilivyokukomesha? Kila ukimaliza kikombe nilikuuliza, "Haya, sasa unakwenda wapi?" Mwenye dawa mdomoni hawezi kusema "nakwenda kuruka kamba". Ulikuwa unanitumbulia macho, shavu limejaa, mpaka unameza mwenyewe.

Basi ujue kwamba swali hilo nililichukua kwako nikalipeleka dirishani. Wenzangu walikuwa wanataka mgonjwa aseme asante akishakunywa. Asante haifai, mtu anaweza kuiguna kwa pua tupu. Mwulize anakwenda wapi. Kwanza utajua amemeza, hataitoa nje akaiuze. Pili utajua hali yake. Anayesema "nakwenda kazini" au "nakwenda kumchukua mtoto", huyo mwache aende. Anayesema "sijui", mvute pembeni umpe kiti. Hilo hutalipata darasani.

Kuhusu kuja, hapana. Mimi na dirisha tumeachana, na talaka yetu haina rejea. Usiniulize sababu. Halafu kuna mguu.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amepaka mafuta ya moto akakaa kwenye kiti kipya cha Mama, sasa ana kesi ndani ya nyumba. Wengine wazima.

Swali lako nimelipeleka kazini, na foleni imechangamka! Mama mmoja kajibu, "Nakwenda kwa mama mkwe, niombee." Mzee mmoja kasema anakwenda kulala maana ameamka mapema kuja kunywa dawa ya kumfanya asilale hovyo. Na kijana mmoja mwenye suti, mpole, wa asante kila siku, nilipomwuliza akanitumbulia macho. Shavu lile, Shangazi, nililijua kama ninavyolijua langu! Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ndiye niliyeuvumbua mchezo huo." Akameza. Tukacheka wote wawili, na sasa anazungumza na mnasihi wetu mara mbili kwa wiki.

Lakini tulikuwa wanne na sasa tuko watatu. Mmoja amepata kazi kwenye duka la dawa, kule wateja wakikohoa ndiyo vurugu kubwa.

Nina jambo la kukuuliza. Juzi mwanamke mmoja alifika saa tano na dakika nne. Mwenzangu alikuwa ameshashusha dirisha, na sheria ni sheria. Yule mama akapiga mbao kwa kiganja, mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshika komeo. Sikufungua. Kesho yake alikuja salama, Mungu mkubwa, lakini kiganja kile bado nakisikia. Wewe walipochelewa ulifanyaje?

Halafu nilimwuliza Baba kwa nini uliacha kazi miaka minne kabla ya kustaafu. Akazima redio. Shangazi, Baba alizima redio!

Mwanao,
Shavu


30 Aprili

Mpendwa Shavu,

Marahaba. Unisamehe kukawia. Kuna mdudu ameingia kwenye nyanya, mdogo, mweupe, anakaa chini ya jani. Nimenyunyizia maji ya sabuni. Mvua nayo ilikuja kwa fujo. Jirani amerudi kutonisalimia.

Barua yako nimeisoma. Kijana wa suti amenifurahisha. Msimamie asijione amekamatwa, ajione amekaribishwa.

Wasalimie wote.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilikuuliza habari za watu, ukanijibu habari za nyanya. Nakuheshimu, na ndiyo maana nasema.

Tuko wawili sasa. Aliyeondoka safari hii alikuwa bora kuliko sisi sote. Hakugombana na mtu. Siku moja tu alivua koti, akalikunja vizuri, akasema hawezi tena kubeba habari za watu kumi na tano kila siku bila kuwa na pa kuzitua. Ijumaa inafika, tunakaa wawili tukitazamana. Nani amwulize nani?

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye droo, chini ya boksi la glavu. Sijaitoa. Nimekuambia wewe tu.

Shavu


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sina habari za nyanya leo.

Hiyo barua iache hapo chini ya glavu mpaka umalize kusoma hii. Umeniuliza walipochelewa nilifanyaje. Nilifunga. Miaka ishirini na miwili, saa tano ilikuwa saa tano. Wahenga walisema kawia ufike, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi dirishani. Ukimfungulia mmoja leo, kesho wako kumi, na keshokutwa huna dirisha, una mlango wa sokoni. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Nilijivunia.

Kulikuwa na mgonjwa tuliyemwita Fundi Saa, kwa sababu alikuwa anatengeneza saa kabla unga haujamnyang'anya meza yake. Mrefu, mwembamba, vidole kama vya mpiga kinanda. Kwa miaka miwili hakukosa hata siku moja, wala hakuchelewa hata dakika. Saa moja kamili yuko mbele ya foleni. Nikimwuliza anakwenda wapi, kila siku ana jibu jipya: nakwenda kutafuta betri, nakwenda kumwangalia mama, nakwenda kuikagua saa ya stendi maana imetia aibu. Nilimpenda kama mdogo wangu, wala sioni haya kukwambia.

Siku moja hakuja saa moja. Saa mbili hakuja. Saa tano nikashusha dirisha. Saa tano na dakika sita nikasikia anabisha, vidole viwili, taratibu. Nilimjua kwa ubishaji wake. "Mama wa Dirishani," akasema, "ni mimi." Nikamjibu bila kufungua: "Kesho, Fundi. Wewe zaidi ya wote unajua saa." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu wakasema kuna mtu ameokotwa nyuma ya soko amekufa, mrefu, mwembamba, amezidisha unga. Waliniomba nikamtambue, kwa kuwa nilikuwa namfahamu. Sikwenda. Nilisema nina zamu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kwenye daftari nikaandika "hajulikani alipo", na mwisho wa mwezi nikaomba kuacha kazi. Kaka yangu peke yake anajua, na ndiyo maana alizima redio. Ni miaka tisa sasa.

Usiniite mlezi, mwanangu. Atamlea nani mtu aliyefunga kwa kicheko?

Lakini wewe ulisikia kiganja na bado unakisikia. Mimi sikusikia mpaka nilipochelewa. Ukiacha kazi, watabaki wasiosikia.

Shangazi yako


7 Juni

Shangazi yangu, Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Wote wazima, Baba, Mama, kabati. Tafuta kiti ukae. Umekaa? Usinidanganye.

Barua yako niliisoma mara nne. Alhamisi nilikwenda nayo darasani, nimeikunja ndani ya daftari. Tuna mwalimu mpya wa muhula wa mwisho, mtu mzima, mrefu, ana kitambi kidogo na miwani. Kabla ya kufundisha anavua saa mkononi na kuiweka mezani imsimamie. Sikutilia maanani, walimu wengi wana mambo yao. Siku hiyo somo lilikuwa namna ya kumpa mgonjwa dawa. Akasema, "Akishameza, msimwombe asante. Mwulizeni: sasa unakwenda wapi?"

Kalamu ilinidondoka. Wenzangu wakaandika, mimi nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mwalimu, hilo nani alikufundisha?" Akatabasamu: "Muuguzi mmoja mkali kuliko pilipili. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa upande wa pili wa dirisha." Akalisema hivyo hivyo, mbele ya watu, bila kuinamisha kichwa.

Nilisubiri watu watoke. Nikamwuliza, "Mwalimu, ulikuwa fundi saa?" Akakaa juu ya dawati. Nikamwambia mimi ni binti wa kaka yake Mama wa Dirishani.

Yu hai, Shangazi! Fundi Saa yu hai, na amenenepa.

Sasa sikiliza alivyonieleza. Siku ile hakuja kunywa dawa. Daktari alikuwa amemwandikia barua ya kuhamia huku, kwenye nyumba ya kukaa na kufundishwa kazi, na dozi ya siku hiyo alipangiwa kuinywa akifika. Basi lake lilikuwa la saa sita. Alichelewa kwa sababu alikwenda kunyoa ili akuage akiwa msafi, na kinyozi alikuwa na hadithi ndefu. Alibisha akuage. Uliposema "kesho", akaona aibu kukuambia kupitia mbao kwamba kesho hatakuwepo. Akaenda zake.

Huku walipompokea walipiga simu kliniki yenu kusema amefika. Karani akaandika kwenye kidaftari cha simu. Karani akaacha kazi wiki ileile. Daktari naye akahamishwa. Baada ya miaka miwili Fundi alirudi na zawadi akutafute, akakuta dirishani sura nne ngeni. Hakuna aliyekujua, hakuna aliyejua ulikokwenda. Akadhani umekwenda kupumzika vizuri. Unaona, Shangazi? Habari njema ilikuwepo miaka yote tisa, ila kila aliyeishika aliondoka kabla hajamkabidhi mwenzake.

Nilipomwambia ulichokuwa unakiamini, alivua miwani akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani. Mfagiaji alichungulia akarudisha mlango. Alitaka kukupigia simu papo hapo, nikamweleza habari za sufuria. Kwa hiyo ameandika kwa mkono wake mwenyewe, hapa chini:

"Mama wa Dirishani, shikamoo. Siku ile ndiyo siku pekee ambayo hukuniuliza nakwenda wapi. Nilikuwa nimeliandaa jibu kwa kinyozi. Nilikuwa nakwenda kupona. Nimewafundisha swali lako wauguzi mia mbili na kumi, na wote nawaambia halikuwa langu. Fundi."

Barua ile ya kuacha kazi nimeichana. Ila zimebaki wiki tatu kabla ya tarehe 30, na bado tuko wawili. Fundi anasema yeye hawezi kuwa mlezi, sheria inataka muuguzi. Sisemi mengine. Wewe unajua ninachotaka kusema, shavu limejaa.

Mwanao,
Shavu


15 Juni

Shavu wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Moja yako, moja ya Fundi, na moja ya karani yule popote alipo, Mungu amsamehe na kidaftari chake.

Nilikuwa nimekaa, sikukudanganya. Nilipofika pale "yu hai" nilisimama, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Mguu haukuuma. Jirani akauliza kuna msiba? Nikamwambia, kinyume chake, na nikampa nyanya ndoo nzima. Nimelia mpaka kichwa kikawa chepesi. Halafu nikalala mchana kweupe, usingizi wa mtoto, na sijui mara ya mwisho nililala hivyo lini.

Nilipoamka nikakasirika. Mwambie mtu mzima aliyenyoa ndevu hashindwi na mbao! Angesema "Mama, nasafiri," ningeling'oa dirisha zima. Mwambie nitamwambia mwenyewe. Na hicho kitambi nataka kukiona.

Yule wa nyuma ya soko naye alikuwa mtoto wa mtu. Nimemwombea yeye kama yeye sasa, si kwa jina la mwingine. Na kosa langu halijafutika kwa sababu lilitua mahali pazuri. Nilifunga bila kuuliza. Basi, la kwanza tutakalolibadilisha kwenye hilo dirisha lenu, ukikubali na daktari wa kliniki yenu akikubali: saa tano itabaki saa tano, lakini aliye nje ataulizwa kwanza anakwenda wapi, ndipo komeo lishuke. La pili, kila anayeondoka kazini atakaa na anayebaki siku tatu, amkabidhi kila daftari, hata kidaftari cha simu. Mengine nitayaona nikiyaona.

Ijumaa utakaa mbele yangu useme kilichokulemea. Usilete asante. Nitakujua kama umemeza au umebana.

Mwambie kaka yangu aandae chumba na awashe redio. Mwambie mama yako kabati liwe mbali na kitanda, usiku naenda msalani na mguu huu. Nyanya nimemwachia jirani, sasa ananisalimia mara mbili.

Basi langu linafika Jumatatu tarehe 23, saa nne na nusu wanasema, lakini mabasi unayajua. Nitashuka na mzigo wangu nije moja kwa moja kliniki. Ukisikia mtu anabisha baada ya saa tano, vidole viwili, taratibu, ni mimi. Niulize nakwenda wapi.

Shangazi yako